Draiva iseme kwa nini skrini ni nyeusi

Mwalimu anachomeka waya wa HDMI kutoka kwenye kompyuta yake ya Mac hadi kwenye kadi ya kunasa video. Anataka kurekodi somo aliloliandaa mwenyewe, lakini skrini ni nyeusi tii. Anabadilisha waya, anazima na kuwasha, mwishowe anagombana na muuza kadi. Kumbe kadi ilijitambulisha kuwa inaielewa HDCP, kinga iliyobuniwa na Intel dhidi ya kunakili picha, na Mac ikafunga kila kilichopita, slaidi zake zikiwemo.

Mwenye filamu ana haki ya kulinda jasho lake. Ila kinga hiyo haina haki ya kumnyima mtu kazi yake mwenyewe, tena bila kumwambia sababu.

Tatizo hili ni la tangu enzi za deki. Mwaka 1985 mkanda wa filamu ya The Cotton Club ulitoka na Macrovision: mapigo ya umeme yaliyofichwa kwenye mistari isiyoonekana ya picha, ambayo deki iliyojaribu kurekodi iliyasoma vibaya, na nakala ikawa mara inang'aa, mara inafifia. Baadaye kadi za kompyuta zikafundishwa kuyatambua mapigo hayo na kugoma. Mkanda uliochakaa nao hutoa mawimbi yanayoyumba, na kadi huweza kuudhania una kinga. Basi harusi ya wazazi inakataliwa kama filamu ya dukani, na mkanda wenyewe unazidi kuoza.

Dawa ipo. Katika Linux, mfumo wa video uitwao V4L2 una alama tatu tofauti ambazo draiva, yaani programu inayoendesha kadi, inaweza kuzitoa: hakuna mawimbi, Macrovision imeonekana, huna ruhusa. Draiva ya chipu ya Toshiba TC358743 nayo ina swichi ya HDCP. Ikizimwa, chanzo hutuma kile tu kisichohitaji kufungwa. Slaidi zinapita, filamu inabaki na kufuli lake. Sony ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2014, iliporuhusu wenye PS4 kuzima HDCP wanapocheza gemu.

Kwa hiyo kampuni inayouza kadi huku draiva yake ikirudisha weusi mtupu haina kisingizio. Itoe alama hizo, maelezo yake yaonekane kwenye skrini kwa Kiswahili pia, na swichi ya HDCP iwe mikononi mwa aliyeinunua kadi.