Nyongeza za Asili katika Chakula cha Mifugo: Zipimwe Kwanza

Mfugaji wa Afrika ya Mashariki hakungoja viwanda ndipo ajue kwamba nyasi peke yake hazimtoshi ng'ombe. Katika Bonde la Ufa makundi ya mifugo yamekuwa yakipelekwa kulamba udongo wa chumvichumvi tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Vijijini kuku anayesinzia hupewa maji yaliyolowekwa shubiri au pilipili. Desturi hizo zote leo zimepewa jina moja, nyongeza za asili, na jina hilo sasa linaonekana kwenye mifuko na chupa zinazouzwa madukani kwa bei isiyo ndogo.

Kuvuma kwake kuna sababu ya haki. Kuanzia miaka ya 1950 mashamba makubwa ya Marekani na Ulaya yalizoea kutia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha kuku na nguruwe wasio wagonjwa, kwa kuwa walikua upesi zaidi. Baadaye ikadhihirika kwamba mazoea hayo yanawalea bakteria wasiosikia dawa, na bakteria hao hawabaguani baina ya mnyama na mtu. Sweden ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1986; nchi zote za Jumuiya ya Ulaya zikakamilisha katazo tarehe 1 Januari 2006. Tangu hapo wataalamu wengi wamegeukia majani, mafuta ya mimea, viungo na madini.

Hadi hapo hakuna ubishi. Kosa huanza pale neno «asili» linapochukuliwa kuwa ni hukumu, kana kwamba kitu kilichotoka mtini au ardhini hakiwezi kudhuru. Yafaa yatazamwe magadi. Mwanafunzi wa kemia anayajua kuwa ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na sodiamu ni madini ambayo mnyama anayekula nyasi huyahitaji sana. Lakini magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron, huweza kuwa na floraidi nyingi, nayo hujikusanya katika meno na mifupa mwaka hadi mwaka. Ndiyo floraidi hiyo hiyo iliyowatia watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro meno ya kahawia. Ng'ombe wa maziwa huishi miaka mingi kuliko kuku wa nyama. Akipewa magadi kila siku pamoja na maji yenye floraidi, madhara huonekana akiwa ameanza kuchechemea na meno yamelika, wakati ambapo hakuna la kufanya.

Mfano ulio na mafunzo zaidi ni lusina. Mti huu, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, umeenea sana katika nchi zetu. Majani yake makavu yana protini kati ya sehemu 20 na 25 kwa mia, kiasi ambacho nyasi za kiangazi haziwezi hata kukikaribia. Kwa mwenye ng'ombe mmoja bandani, ua wa lusina ni sawa na kuwa na mashudu yanayoota yenyewe. Hata hivyo ndani ya majani hayo, hasa machanga, mna mimosini, kiungo kinachomnyonyoa mnyama manyoya. Tumboni mwa ng'ombe mimosini huvunjwa ikageuka kiungo kingine kinachozuia kazi ya tezi ya shingo, na matokeo yake ni rovu, kukosa hamu ya kula na kukonda.

Huko Australia ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walipatwa na maradhi hayo, ilhali Hawaii mbuzi waliila bila kudhurika. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, aliona kwamba tofauti haikuwa katika mti. Ilikuwa katika viumbe wadogo wanaoishi katika tumbo la kwanza la mnyama: mbuzi wa Hawaii walikuwa na bakteria wa kuimaliza sumu hiyo, na ng'ombe wa Australia hawakuwa nao. Katika miaka ya 1980 bakteria hao walipelekwa Australia na kutiwa matumboni mwa ng'ombe, na ng'ombe wakapona. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Kwa hiyo swali kama lusina ni chakula au ni sumu halina jibu moja. Jibu hutegemea ni mnyama gani, ana bakteria gani, na amepewa kiasi gani. Kwa kawaida hushauriwa isizidi sehemu 30 kwa mia ya chakula cha ng'ombe, na kwa kuku, ambaye hana tumbo la namna hiyo, isizidi 5.

Mifupa nayo ina habari yake. Ng'ombe anayetafuna mifupa machungani hana wazimu. Amepungukiwa na fosforasi. Huko Afrika ya Kusini Arnold Theiler na wenzake walithibitisha kwamba ng'ombe wa namna hiyo hufa kwa sumu ya bakteria iliyomo katika mizoga, na kwamba kuwapa unga wa mifupa uliotengenezwa vizuri huwaondolea hamu hiyo. Lakini Uingereza, ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe uliotambuliwa mwaka 1986 ulienezwa na unga wa nyama na mifupa, nao pia ulikuwa kitu cha asili.

Tena lipo jambo ambalo nyongeza haiwezi kulifanya hata ikiwa safi. Shubiri haizuii mdondo. Kinachouzuia ni chanjo. Na ile iitwayo I-2, isiyoharibika upesi kwa joto, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mama anayeambiwa kwamba mitishamba inatosha huweza kupoteza banda zima kwa juma moja, na pamoja nalo daftari na sare za watoto. Muuzaji wa maneno hayo yafaa adaiwe ushahidi kama anavyodaiwa muuza dawa, na kila mfuko uandikwe kilichomo na kiasi chake.

Shule zenye mabanda zaweza kuanza kazi hii bila maabara kubwa. Kuku 20 wa mayai, wa umri mmoja, wagawanywe kwa kura makundi mawili. Kundi moja lipewe chakula cha kawaida. La pili chakula hicho hicho, ila katika kila kilo 100 kilo 5 ziwe unga wa majani makavu ya lusina. Chakula kipimwe kila asubuhi, mayai yahesabiwe, na rangi ya viini iandikwe, maana lusina huvitia umanjano. Baada ya wiki 8 makundi yabadilishane chakula, isije ikawa tofauti iliyoonekana ilitokana na kuku wenyewe.