Sarajevo: Mji Usioficha Makovu Yake



Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia. Nilikwenda na moyo mzito, kwani mji huo ulizingirwa kwa vita tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, na watu zaidi ya 10,000 wakauawa kwa mizinga na risasi zilizotoka milimani. Nilidhani nitaukuta mji wa matanga.

Kumbe ni mji uliochangamka! Katika soko kongwe la Baščaršija mafundi hugonga shaba kutwa, na kahawa huletwa katika kidele kidogo, nikakumbuka baraza zetu. Adhana husikika kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, na kwa mwendo mfupi tu utayakuta makanisa na sinagogi. Maktaba ya Taifa ilichomwa moto Agosti 1992, vitabu vingi vikawa majivu. Jumba lake limejengwa upya na kufunguliwa 2014.

Hata hivyo, ukiinamisha macho utaona makovu. Baadhi ya mashimo ya makombora yaliyoua watu barabarani yamejazwa utomvu mwekundu, na wenyeji huyaita mawaridi. Hayakufukiwa yakasahauliwa, wala hayakuzuia njia. Watoto huyapita wakienda skuli.

Mama mwenye nyumba niliyofikia ni mjane. Kijana mmoja wa madrasa alitutafsiria kwa Kiarabu. Alinisimulia jinsi walivyobeba madumu ya maji, wakivuka njia mbio kwa kuhofia wadunguzi. Siku moja mumewe alikwenda foleni ya maji, hakurudi.

Nikamuuliza, "Je, umewasamehe?"

Alinyamaza, akanimiminia kahawa, kisha akasema, "Sheikh, hilo ni baina yangu na Mola wangu, na bado sijalimaliza. Lakini wanangu niliwalisha mkate, sikuwalisha chuki."

Akina mama, nimeyarudia maneno hayo tangu siku ile. Hakujidai kuwa amesahau. Alichagua tu kile kitakachofika kwenye sahani ya mtoto. Nasi majumbani mwetu, ni mangapi tunayowalisha watoto bila kukusudia? Ami fulani alitudhulumu, shangazi fulani usimwamkie. Na mtoto hukua akirithi ugomvi asioujua chanzo chake.

Nami simo nje ya lawama. Nimewahi kuhutubia juu ya kuunga udugu huku mimi na ndugu yangu tumekatiana salamu miaka sita kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba yetu. Wanangu waliacha hata kumtaja mbele yangu.

Niliporejea Mombasa nilimchukua mwanangu mdogo, tukaenda kumbishia hodi ami yake. Suala la nyumba bado halijesha. Lakini watoto walicheza uani hadi Magharibi.

Mola azirehemu roho za waliouawa Sarajevo, na azipatanishe nyoyo zetu. Amin.