Mayai Mabichi au ya Barafu: Swali Linalosahau Watu



Katika zahanati za uzazi za Marekani na Hispania, mume na mke waliokosa mtoto huulizwa: je, mwataka mayai mabichi ya mtoaji, au yaliyogandishwa? Wengi hudhani kwamba kazi yao ni kuchagua tu. Sisi twasema kwamba swali lenyewe ni potovu.

Tueleze kwanza jambo lilivyo. Kwa mayai mabichi, mtoaji na mpokeaji hupewa dawa ili majira ya miili yao yalingane, kisha mayai hutolewa na kutungishwa mara moja maabarani. Yale mengine hugandishwa kwa ghafula na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kuiita njia hiyo ya majaribio, na benki za mayai zikastawi. Washauri hupima hivi: mabichi hupatikana mengi kwa mara moja, ya barafu hayangojeshi, tena bei yake ni nafuu.

Lugha hiyo twaijua. Ni lugha ya sokoni, ya kulinganisha samaki mbichi na samaki wa barafu. Na unafuu huo watoka wapi? Mayai ya msichana mmoja hugawanywa mafungu, na kila fungu huuzwa kwa nyumba nyingine. Hivyo watoto wa damu moja hutawanyika duniani bila kujuana.

Naye msichana je? Huchomwa sindano za homoni kwa siku kumi au zaidi, kisha mayai huvutwa kwa sindano kutoka mwilini mwake. Wengine huvimba ovari, na wachache huugua sana. Mayai yakienda barafuni au yasiende, mateso yake ni yaleyale. Huko Marekani hulipwa maelfu ya dola, na matangazo huwafuata wanafunzi wa vyuo vikuu. Binti wa tajiri hana haja ya kuyasoma.

Watatujibu: msichana amekubali, na mke asiyezaa analia. Kilio hicho ni cha kweli, nasi hatukidharau. Lakini mtoto hakuulizwa. Uingereza ilitambua hilo: mtu aliyezaliwa kwa yai lililotolewa baada ya tarehe 1 Aprili 2005 anaweza, akitimiza miaka 18, kumjua aliyelitoa. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1990, ilikataza kabisa utoaji wa mayai. Basi wasituambie kwamba ni mapadri peke yao wanaoona tatizo.

Kanisa lilisema waziwazi katika Donum Vitae ya mwaka 1987 kwamba mtoto ana haki ya kuzaliwa na wazazi waliofunga ndoa, pasipo mtu wa tatu. Dignitas Personae ya mwaka 2008 ilikataa pia kugandisha mayai kwa ajili ya uzazi wa maabara. Mtoto ni zawadi. Hakuna anayeweza kumdai kama deni, hata kwa machozi.

Lakini anayekataza bila kusaidia ni mnafiki. Ikiwa twasema «hapana» parokiani, kisha twanyamaza mawifi wanapomwita mke tasa, ni sisi tunaomsukuma kwenye soko hilo. Kwa hiyo, vijana, tibuni mapema magonjwa ya zinaa, kwani yasipotibiwa huziba mirija ya uzazi. Mume naye akubali kupimwa, maana mara nyingi chanzo kiko kwake. Na mtoto yatima wa mtaani kwenu apokelewe nyumbani kama mwana, si kama mtumishi. Kundi la vijana lisilothubutu kuyasema hayo mbele ya wazee wa ukoo lisijisifu kwamba linatetea uhai.