Urani haiishi, bei ndiyo inayoisha

Ontario, Kanada

Ndugu zangu wa Namtumbo,

Tangu Rais Samia azindue mtambo wa majaribio wa kuchakata urani pale Mto Mkuju, Julai 2025, kila simu ya nyumbani lazima ifike huko. Swali ni lile lile: je, ni kweli urani inakwisha duniani, nasi tumekalia hazina ambayo mataifa yatailipia bei yoyote tutakayotaja?

Si kweli, na heri mlisikie kwangu kuliko kwa dalali. Urani iliyokwisha kujulikana ardhini inakaribia tani milioni 8. Vinu vyote duniani, vipatavyo 440, huhitaji kama tani 67,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu: ni zaidi ya miaka mia. Huko Dubai mwaka 2023 mataifa zaidi ya 20 yaliahidi kuuongeza umeme wa nyuklia hadi mara tatu ifikapo 2050. Mimi nina shaka, maana vinu hujengwa polepole kuliko hotuba. Lakini hata wakitimiza, bei ikipanda yapo mawe hafifu yasiyochimbwa leo ambayo yataanza kulipa.

Kilicho haba ni migodi iliyo tayari. Karibu asilimia 40 ya urani inayochimbwa hutoka nchi moja, Kazakhstan. Niger, iliyoiuzia Ufaransa urani kwa miongo, iliutaifisha mgodi wa Somaïr mwaka 2025. Mgodi mpya huchukua miaka kumi na zaidi kufunguliwa, kwa hiyo bei huruka kama panzi: mwaka 2007 ratili moja ilipita dola 130, mwishoni mwa 2016 ikawa chini ya 20, Januari 2024 ikavuka 100. Na kuna mambo ambayo mchimbaji hana uwezo nayo. Kati ya 1993 na 2013 Urusi ilipunguza makali ya tani 500 za urani kutoka kwenye mabomu yake, ikaiuzia Marekani kama mafuta ya vinu. Ikaja ajali ya Fukushima mwaka 2011, Japani ikazima vinu vyake. Mkuju ulipata leseni yake 2013, na usingizi uliofuata mliuona wenyewe.

Huku Ontario, ambako takriban nusu ya umeme hutoka kwenye vinu, upo mji uitwao Elliot Lake. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya urani tu. Mwaka 1959 Marekani, mnunuzi mkuu, ikasema haitaongeza mikataba. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, watu wakahama. Baadaye bei ikapanda, wakarudi. Miaka ya 1990 ikawatoa tena, na mgodi wa mwisho ukafungwa 1996. Sasa mji huo huwaita wastaafu wanaotafuta nyumba za bei nafuu. Topesumu, yaani mabaki ya mawe yaliyochakatwa, halikuhama: zaidi ya tani milioni 100, sehemu kubwa imefunikwa kwa maji, na hadi leo wapo watu wanaolipwa kupima maji ya bonde la Mto Serpent. Radiamu iliyomo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Hakuna kampuni itakayoishi hivyo.

Karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mgodi wa Kayelekera ulifunguliwa 2009, bei ikaufunga 2014, ukafufuliwa 2025 chini ya mwenye mali mwingine.

Kwa hiyo msikeshe mkibishania bei. Hiyo hupangwa mbali. Dai kubwa liwe la siku mgodi utakapolala. Fedha za kufukia mashimo na kulinda bwawa la topesumu ziwekwe benki mapema, bei ikiwa juu, zisibaki ahadi ya kampuni inayoweza kuuzwa. Mradi wenu wenyewe ulitoka kwa Waaustralia ukaenda kwa Warusi mwaka 2011.

Na maji ya visima na ya mto yapimwe sasa, uchimbaji mkubwa haujaanza, kwa kuwa ya Mkuju huishia Rufiji na wanaoyanywa ni wengi. Nakala ya vipimo ibaki ofisi ya kijiji, si Dodoma peke yake. Bila karatasi hiyo, siku mtakaposema maji yamebadilika mtaulizwa yalikuwaje mwanzo.

Ndugu yenu wa ughaibuni