KUULIZA NI SEHEMU YA KAZI

Wahenga walitwambia kwamba kuuliza si ujinga. Msemo huu kila mtu anaujua, na watoto wetu hufundishwa skuli. Hata hivyo, katika maofisi yetu mengi unasemwa zaidi kuliko unavyotendwa. Mtumishi anayeuliza huonekana mjuaji, au mtu asiyemheshimu mkubwa wake. Anayeitikia “hewala” kwa kila jambo ndiye asifiwaye kwa utiifu.

Gharama ya desturi hiyo si ndogo, na sisi watu wa visiwani tunaifahamu. Kwa miaka mingi kisiwa cha Unguja kilitegemea waya mmoja wa umeme, uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika tena, na safari hii giza likaendelea mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisita, ndoo zikapangwa visimani, na biashara ndogo ndogo zikadhoofika.

Baina ya misiba hiyo miwili ilipita takriban miezi 18. Katika giza la kwanza kila mmoja aliuliza, “Umeme utarudi lini?” Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake ni tarehe tu, na tarehe ikishafika, swali hufa. Yalikuwapo maswali mengine yaliyostahiki kuishi baada ya taa kuwaka: Waya huu una umri gani, na mzigo unaoubeba umeongezeka kwa kiasi gani? Ukikatika tena, maji yatapandishwa kwa nguvu gani? Ni nani mwenye dhamana ya akiba hiyo, na atakuwa tayari lini?

Hatusemi kwamba hapana fundi aliyeyauliza. Lakini swali lisilomfikia mwenye uwezo wa kulijibu, au likamfikia akalifungia katika mtoto wa meza, halina tofauti na swali lisiloulizwa. Linalojulikana na wote ni kwamba giza la pili lilipoingia, akiba ya kutosha haikuwapo. Mitambo ya dizeli ya akiba ilifungwa Mtoni baada ya dhiki, si kabla yake.

Swali jema kazini, basi, lina sifa zake. Huulizwa mapema, wakati bado ipo nafasi ya kutenda. Hutaja jambo mahsusi, wala halielei hewani. Huelekezwa kwa mwenye dhamana, na nia yake ni kuinusuru kazi, si kumfedhehesha mtu. Anayeuliza ili aonekane hodari mbele ya mkutano hajauliza, amejisifu tu.

Wapo watakaosema kwamba maswali huchelewesha kazi. Ni kweli kwamba swali la dakika kumi huchelewesha kazi kwa dakika kumi. Tuulize nasi: miezi mitatu ya giza ilichelewesha kazi ngapi?

Jukumu kubwa zaidi ni la wakuu wa idara na mashirika. Mkubwa akimkemea anayeuliza mara moja, hatoulizwa tena. Na tangu siku hiyo ataletewa habari njema tu, hata pale ambapo hakuna jema. Tunashauri kwamba katika kila kikao cha kazi nafasi ya maswali iwekwe mwanzoni, si mwishoni watu wanapofunga mafaili; na kila swali liandikwe pamoja na jina la atakayelijibu na siku ya jibu. Jambo hili halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje.

Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wake kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ilizinduliwa waya mpya wa megawati 100. Hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini nyaya nazo huzeeka na mahitaji hukua. Mtumishi atakayesimama leo na kuuliza habari ya akiba asionekane mkorofi. Huyo anaifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na wananchi wanastahiki apewe jibu.