Coltan ni yetu, lakini mashine zetu ziko uchi

Juzi jirani yangu hapa Goma, mama anayeuza samaki wa baridi, aliniletea konvertisere yake, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri uwe umeme wa nyumba. Mwaka haujaisha tangu ainunue. Firigo ilizimika usiku, na asubuhi samaki wote walikuwa wa kutupa. Muuzaji alimujibu tu: « Mama, ni bahati mbaya, nunua ingine. »

Tukaifungua. Juu ya karte kulikuwa vumbi nyeusi, na kwenye miguu ya vifaa shaba ilikwisha kugeuka kijani. Hapana, hiyo si bahati mbaya. Ile karte ilitoka kiwandani bila nguo.

Nguo gani? Kuna verni maalum ya plastiki, nyembamba sana, wanayoipaka juu ya karte za elektroniki kusudi unyevu na vumbi visiguse shaba. Ile ya kawaida, ya akrilike, wanaipuliza kama rangi. Mara nyingi unene wake haupiti sehemu moja ya kumi ya milimeta. Kuna ya silikone, inayovumilia joto na kutikisika. Kuna ya epoksi, ngumu kama jiwe. Na kuna parilene, ambayo hawaipake hata kidogo: wanapasha unga wake moto mpaka uwe mvuke, na ule mvuke unajishika wenyewe juu ya karte, ndani ya chumba kisicho na hewa, hadi chini ya vifaa vidogo kabisa. Mbinu hiyo iko sokoni tangu 1965, na inalinda hata vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili wa mugonjwa wa moyo. Kwa hiyo si uchawi, wala si kitu cha jana.

Sasa tujiulize: kama kuna muji unaohitaji hiyo nguo, si ni wetu? Tuko kando ya ziwa, mvua inanyesha miezi mingi. Vumbi yetu inatoka kwenye mawe ya volkano. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gazi ya salfa, na ile gazi ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula shaba na feza. Vumbi ikilowana juu ya karte, umeme unapata njia ya wizi kati ya waya mbili, na mashine inaungua.

Najua mafundi wengine watanipinga. Wanasema: verni inasumbua, ukitaka kubadilisha kifaa kimoja hauwezi kusoda. Kwa epoksi na parilene wako na haki, kuzitoa ni kazi ngumu. Lakini akrilike inatoka kwa dawa ya kuyeyusha, unasoda, unapaka tena. Wengine wameharibu kazi wenyewe: wamepuliza verni juu ya karte chafu, wakafungia uchafu na unyevu ndani. Kwanza safisha kwa alkoli, kausha vizuri, funika mahali waya zinapochomekwa, kisha paka. Na tusidanganye watu: verni hairuhusu kutumbukiza mashine katika maji. Inaipa maisha marefu, basi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wanaoagiza mashine ngambo waandike katika komande yao kwamba karte zije zimepakwa. Kiwandani hiyo ni gharama ndogo kuliko kurudisha mashine iliyoungua. Hospitali na mashirika yanayonunua firigo za chanjo na mitambo ya jua yafanye vilevile, maana pale kinachooza si samaki. Na shule zetu za ufundi zifundishe vijana kupaka na kukagua. Verni nyingi zinatiwa dawa inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Ile taa tunayo, wabadilisha feza wanaitumia kila siku kutafuta dola za bandia! Fundi akiimulika karte iliyopakwa verni ya namna hiyo, ataona paliporukwa.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi. Coltan inayochimbwa Rubaya, kule Masisi, inatoa tantale, na tantale inaingia katika vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kiwandani wanaifunika vizuri kwa plastiki, kwa sababu wanajua bei yake. Kisha sisi tunauziwa mashine za bei ya chini, karte iko wazi, na tunaambiwa ni bahati mbaya. Mutu aliyetoa mali katika udongo kwa mikono yake anastahili mashine inayodumu. Siku utakapoingia dukani, uliza kwanza: « Hii karte yake imepakwa? » Muuzaji akicheka, toka, enda kwa mwingine. Siku wateja mia wakiuliza vile, hatacheka tena.