Mayai Chini ya Jani: Tuyatambue Kabla ya Kuyaponda

Nyumba nyingi za mwambao hazikosi kijibustani: mndimu uani, mrehani na mpilipili katika makopo, pengine na tuta la sukuma wiki. Atunzaye mimea hiyo hukutana mara kwa mara na mayai ya wadudu yaliyogandamana na majani, na mkono hukimbilia kuyaponda au kutafuta dawa ya kupuliza. Wiki hii twaomba tutazame kwanza, kwani miongoni mwa mayai hayo yamo ya adui na yamo ya msaidizi.

Tuanze na sukuma wiki iliyovamiwa na vidukari. Kando yao huenda tukaona vijiyai vya manjano, vyenye umbo la punje ya mpunga lakini vidogo mno, vimesimama wima kwa mafungu. Wengi hudhani ni mayai ya vidukari. Kumbe katika joto la kwetu vidukari hawatagi, huzaa watoto walio hai. Mayai hayo aghalabu ni ya yule mdudu mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni. Baada ya siku chache hutoka mabuu meusi yenye sura ya kutisha, ambayo chakula chake ni vidukari wale wale. Ayapondaye amewafukuza walinzi na kuwaacha wezi. Vivyo hivyo, yai lililosimama juu ya uzi mwembamba kama unywele ni la mlaji wa vidukari.

Kwenye majani machanga ya mndimu, yai moja moja la mviringo, la manjano hafifu, ni la kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege. Mti mkubwa huwastahimili, lakini mche waweza kubaki vijiti vitupu; hapo tuyatoe kwa kidole. Na chini ya jani la mpera, michirizi ya nta nyeupe iliyozungushwa kama alama ya kidole huficha mayai ya nzi weupe. Tuifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Dawa ya sumu aghalabu haichagui: huua mlinzi pamoja na mwizi, na mboga iliyopuliziwa huenda ikaingia chunguni jioni ile ile. Yai tusilolitambua, tuchume jani lake, tulitie katika chupa na kuifunika kwa kitambaa chepesi, kisha tuwaachie watoto kazi ya kulichungulia kila asubuhi. Kitakachoanguliwa kitajitambulisha chenyewe.